Nyumba Waliyomjengea Mama

Mama yangu, Teresa Awiti, alikaa Kampala zaidi ya miaka thelathini na hakuwahi kumiliki hata ukuta mmoja. Alikuja na baba, Oyugi, fundi wa reli, wakapewa nyumba ya shirika. Baba alipofariki, miaka mitatu baada ya vita vya themanini na sita, tulitolewa humo kabla machozi hayajakauka. Tukapanga chumba kule bondeni chini ya Bugolobi, ambako watu wa magorofani wanapata upepo na sisi tunapata maji yao machafu.

Baba tulimzika kwao Alego, upande wa Kenya. Matanga yalipokwisha, mdogo wake, Obura, alisimama mbele ya wazee akasema yuko tayari kumrithi mama. Alisema kwa sauti ya mtu anayejitolea. Mama akamjibu palepale, mbele ya wote: "Mimi nilikuwa mke wa Oyugi. Oyugi amekufa. Kwa hiyo sasa mimi si mke wa mtu." Akafunga mizigo yake, akarudi Kampala kuuza samaki. Obura hakumsamehe. Mwanamume akikataliwa faraghani anapona, lakini huyu alikataliwa hadharani, na wake zake wakicheka nyuma ya nyumba.

Sasa, ili mtu anielewe, lazima nieleze jambo moja la kwetu Wajaluo. Nyumba ya mjane haisimami mpaka mwanamume wa ukoo aliyemrithi asimike nguzo ya kwanza. Hakuna mrithi, hakuna nguzo. Na kama mama hana nyumba bomani, mwanawe wa kiume naye hawezi kujenga yake. Akijenga, atakuwa amemruka mama yake, na watu watakaa wakisubiri watoto wake waugue. Kaka yangu Owino, karani wa ghala huko Kisumu, alikuwa na miaka arobaini na hana hata kibanda nyumbani. Mama aliposema hapana, alisema kwa niaba yake pia. Mama hakujua hivyo, au alijua akanyamaza.

Uvimbe wa titi mama aliuficha mwaka mzima. Aliufunga kwa kitambaa ndani ya sidiria akaendelea kwenda sokoni Nakawa kuuza mukene, hao dagaa ambao sisi tunawaita omena. Mimi ndiye niliyegundua, kwa pua. Harufu ya samaki niliizoea tangu utotoni, na hii ilikuwa nyingine.

"Mama, una kidonda?"

"Ni maziwa yako yaliyobaki," alisema. "Ulikuwa mtoto wa kususa."

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Nilimvua blauzi kwa nguvu kama anavyovuliwa mtoto mchafu, na nilipoona nikakaa chini sakafuni. Hasira niliyosikia siku ile sijawahi kuisikia tena, na nilikuwa sijui nimkasirikie nani.

Daktari aliyetupokea hospitalini alikuwa kijana mpole aitwaye Erinayo. Alimpima, akamtoa kinyama kwa sindano, akatuita tena majibu yalipotoka. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala kabisa, lakini alijitahidi kwa ajili ya mama, ambaye Kiganda chake kilikuwa cha kuuzia samaki tu.

"Nyabo, hii ni kansa. Imekaa ndani siku mingi. Tutakata titi yote. Halafu kuna dawa ya kupitisha kwa mshipa, kila wiki tatu, mara sita. Unanisikia? Usikose hata moja. Ukikosa, hii kitu inapata nguvu, inatembea."

"Inatembea kwenda wapi?" mama akauliza.

"Kwa ini. Kwa mfupa. Kila mahali."

Mama akanigeukia, akasema kwa Kijaluo, "Mwambie mimi sikosi. Hata kanisani Lubaga sikosi."

Wakamkata. Alipoondolewa bendeji mara ya kwanza alijitazama kwa muda mrefu, akasema, "Basi, sasa ni mvulana upande mmoja." Nikacheka kwa sababu alitaka nicheke. Kisha nikasema naenda kuchota maji, nikaenda nikalia kule bombani mpaka mwanamke mmoja nisiyemjua akanichotea yeye.

Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu, na mkojo wake ukawa mwekundu. Alitapika hadi akawa anatapika upepo. Kila alfajiri nilimwosha, nikamwekea uji karibu na kitanda, nikakimbia kiwandani kufunga sabuni, na jioni niliukuta uji umeganda. Nywele zilipoanza kudondoka, jirani yake wa sokoni, Kaltumi, Mnubi wa Old Kampala, alikuja na wembe na mtandio wa rangi ya dhahabu. Alimnyoa taratibu, akamfunga vizuri, akasema, "Awiti, bambi, sasa umekuwa bibi harusi. Nani anataka posa?" Huyo hakuwa ndugu yetu kwa damu wala kwa dini, na alikuja kila Ijumaa.

Baada ya sindano ya pili msimamizi wangu kiwandani alisema nikichelewa tena nisirudi. Nikampigia Owino kutoka simu ya dukani, nikamwomba aje akae na mama siku chache. Nilirudia mara mbili: aje kukaa. Alikuja kweli, lakini hakuja peke yake. Alikuja na Obura, ambaye tangu mazishi hakuwa amekanyaga kwetu.

Obura alikalia kiti chetu kimoja. Mama alikuwa kitandani, na mimi na Owino tulisimama kama mashahidi. Hakuuliza kidonda kinaendeleaje. Hakuuliza anakula nini.

"Nyar Gem," alianza, yaani binti wa Gem, kwa kuwa wanawake wa kwetu huitwa kwa walikozaliwa. "Tumesikia unaugua. Ukoo hauwezi kukuacha hivi hivi. Tumeamua kukujengea."

"Kunijengea nini?"

"Nyumba. Ya mabati."

Mama akainuka akakaa. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima kumfanya akae.

"Na nguzo atasimika nani?"

Obura akakohoa. "Mimi. Lakini hatutasumbuana, nyar Gem. Koti langu litatundikwa humo usiku mmoja badala yangu. Siku hizi hata watu wa kanisa wanakubali hivyo."

Mama alifikiri, kisha akacheka, kicheko chake cha zamani. "Koti halikoromi," alisema. "Sawa."

"Na sindano?" nikauliza. "Bado nne."

"Dada," Owino akasema, "kila jambo na wakati wake."

Nilimvuta nje, kando ya mtaro. Nilimuuliza kwa kejeli kama ameona kaburi mahali, maana naona wamekuja na mchanga wa kulifukia. Akaniambia nipunguze mdomo.

"Unajua nikienda mazishini nyumbani nalala wapi?" alisema. "Kwa vijana wa Obura. Mtu mzima, nina mvi, nalala na watoto wanaonuka soksi. Wanasema yule anamngoja mama yake."

"Kwa hiyo mama afe kwa utaratibu."

"Sikusema afe."

"Hukusema apone pia."

Akaniangalia. Nataka niwe mkweli kwake: macho yake yalijaa machozi. Lakini machozi hayakumbadilisha nia, na mimi sikuyahurumia.

Kwa mama nilipiga kelele bure. Nilimwambia kwamba hawa wanajenga kwa sababu wanamhesabu kuwa maiti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Moreen, wewe utaolewa, utajengewa. Mimi nikifa leo watanipigia kibanda cha siku moja cha kulazia mwili, kesho wakibomoe wawashie moto. Mimi nataka kulala kwangu nikiwa hai. Halafu nitarudi kwa daktari wako."

Sindano ya tatu ilipita, na ya nne ikamwendea vizuri kuliko zote. Kidonda kilikuwa kimefunga. Alianza kwenda sokoni nusu siku, na pale Nakawa hakukuwa na mteja ambaye hakusikia habari za nyumba. Alikwisha kuamua atafuga kuku wangapi. Kaltumi alimpa birika jipya la kuanzia maisha. Nilimwona mama yangu akiwa na furaha ambayo sikuwahi kumpa mimi, na ilinichoma, nasema ukweli, ilinichoma.

Habari ikaja kwamba nyumba iko tayari. Sindano ya tano ilikuwa Alhamisi. Tukapanga: twende Jumatatu, alale Jumanne, turudi Jumatano. Daktari Erinayo hakupenda, lakini alisema, "Mama, Alhamisi nakungoja hapa." Mama akamwahidi. Niliomba ruhusa kiwandani, nikanyimwa, nikaenda hivyo hivyo, kwa sababu sikutaka awe peke yake kati ya watu wale.

Tulifika Alego jioni. Mabati yaling'aa nyuma ya ua wa miti ya utomvu. Mama alitaka kwenda moja kwa moja, Obura akamzuia. Mwenye nyumba haikaribii nyumba mpya, wala haizunguki, mpaka mzee wa ukoo aje kuifungua. Na mzee yuko wapi? Mzee amekwenda Yala, kwenye mazishi. Atarudi kesho.

Tukalala jikoni kwa mke mdogo wa Obura. Kesho ikafika, mzee hakuja. Jumatano nikasema tunaondoka. Ndipo boma zima likatugeukia. Obura akasema nguzo ikishasimikwa, mwanamke akaondoka bila kulala, ni kuutemea ukoo mate, na yatakayowapata watoto wa Owino yatakuwa juu yake. Shangazi wa baba akapiga magoti mbele ya mama, bibi wa miaka themanini, akamshika miguu. Owino alikuwa akimtazama mama tu, kama mtoto anayengoja kugawiwa.

"Kesho tu, Moreen," mama akaniambia. "Dawa siku moja mbele haiozi."

Alhamisi ikapita tukiwa tumekaa chini ya ukuta wa Obura, tukimuuliza kila mpita njia kama ameonana na mzee. Ijumaa homa ikampata, na Jumamosi ikamshusha nguvu. Nitasema sasa hivi lililotokea baadaye, ili nisilirudie: tuliporudi Kampala, Daktari Erinayo hakutufokea, na ingekuwa afadhali angetufokea. Alimpima, akatazama karatasi zake, akaniita pembeni na kuniambia kwamba ugonjwa umeshaingia kwenye ini. Hakusema ni kwa sababu ya Alhamisi. Nilimuuliza, akasema hilo hakuna anayeweza kujua. Mimi nimechagua kujua.

Mzee alirudi Jumapili, ameshiba nyama ya matanga. Koti la Obura lilikuwa limelala humo tangu jana yake. Walipiga vigelegele, wakachinja jogoo, na mama akatembea kwa miguu yake hadi mbele ya nyumba, na mimi nimemshika mkono. Akasimama.

Mlango ulikuwa wa mbawa mbili, unafunguka pande zote, mpana kama wa ghala. Nyumba za kwetu hazina milango hiyo. Mwanamke anaingia nyumbani kwake kwa mlango wa kumtosha yeye na sufuria yake; mpana hivi ni wa jeneza na wabebaji wake. Mama aliupima kwa macho kutoka kushoto hadi kulia.

"Mbona mpana hivi?" akauliza.

Vigelegele vikapungua. Mama akauachia mkono wangu, akazunguka nyuma ya nyumba, polepole, akishika ukuta. Nikamfuata. Nyuma kulikuwa na nyasi tu, hata hazijafyekwa.

"Jiko liko wapi?"

Obura alikuwa amefika. "Jiko si la haraka, nyar Gem."

"Nitapikia wapi?"

"Wanawake hapa watakuletea chakula."

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia bei na hataki tena kushindana. Kisha akanigeukia. "Sindano ilikuwa Alhamisi?"

"Alhamisi, mama."

"Na leo Jumapili."

"Jumapili."

Nilimwambia twende, sasa hivi, gari la Busia bado lipo. Nilikwisha kuinua mfuko na mkeka wetu. Owino akaja mbio akatuzuia njia.

"Mama, usiku mmoja tu. Lala humu usiku mmoja, kesho alfajiri nitakupeleka mimi mwenyewe. Naapa."

Mama alimtazama kijana wake. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Hasira yote nilikuwa nayo mimi.

"Owino," alisema, "ungeniambia tu kwamba ni nyumba yako unayoitaka. Ningekuja kulala siku ile ile mliyofika Kampala, hata chini ya mti."

Akachukua mkeka mikononi mwangu, akaingia, akajilaza kwa upande ambao haukukatwa. Niliketi kizingitini kumlinda, sijui dhidi ya nini. Jua lilikuwa bado halijazama, na kule nje, ng'ambo ya ua, kaka yangu alikuwa akitembea kwa hatua ndefu zilizolingana, akipima kiwanja.