Nilimchora shangazi yangu kama "mama wa mateso" kwenye bango, kijiji kikamletea unga wa msaada

Wakuu, salaam.

Kabla hamjaanza kuandika "chai" huko chini, haya yamenikuta mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu wa kulia. Shahidi ni kijiji chetu kizima cha Mgwashi.

Mimi ni mchoraji. Nachora kwa tablet kwenye kampuni moja ya ubunifu hapa Lushoto mjini.

Ndiyo, Lushoto ina kampuni ya ubunifu. Bosi alikuja kutoka Dar kupumzika wikiendi, akaona ukungu na miti, akasema hapa ndipo ubongo unapopumua. Akapanga nyumba, akatundika kibao. Tumwite Bosi Kelvin. Wachoraji tupo wawili, mimi na Zuhura, dada wa Tanga mjini ambaye mpaka leo anavaa masweta mawili hata jua likiwaka.

Mwaka jana tukapata kazi ya mradi wa majiko banifu, yale yanayokula kuni kidogo na kupunguza moshi. Bango lenye pande mbili. Kushoto, mama kabla ya jiko jipya. Kulia, mama huyohuyo baada ya jiko jipya, anacheka, ngozi laini, meno yote. Jiko la ajabu sana lile, linapika hadi urembo.

Nikachora mama wa kushoto kama ninavyowajua mama zetu wa huku milimani. Sweta, kitenge, buti za mvua, amekunja uso kwa sababu ya moshi.

Bosi akaangalia.

"Huyu mbona yuko sawa tu? Nataka mateso."

Zuhura akauliza bila kuinua kichwa, "Mateso ya ngapi kwa kumi, bosi?"

"Tisa."

Hakugundua kwamba anataniwa. Mtu wa maono huyu.

Nikarudia mara tatu, kila mara naambiwa nimefika saba. Mteja anataka kazi saa kumi jioni, na saa nane ilishapita. Ndipo nikafungua simu nikaona picha niliyopiga Krismasi: shangazi yangu Naomi, kwenye jiko la nje, anapuliza moto chini ya sufuria kubwa, moshi umemjaa usoni, macho kayafumba.

Hapa nisimame kidogo niwaambie shangazi Naomi ni nani.

Baba alipofariki, shangazi ndiye aliyenilea na kunisomesha. Ni mwalimu mstaafu. Zaidi ya miaka thelathini kafundisha darasa la kwanza palepale Mgwashi, na ni mzee wa kanisa usharikani. Ndani ana jiko la gesi. Lile la kuni hulitumia kwenye sikukuu tu, maana pilau ya watu arobaini haikai kwenye gesi.

Basi nikamchora. Nikamvua viatu. Nikamchania kitenge. Nikamwekea machozi mawili, moja kila shavu, tusimwonee upande wowote.

Sura nikaiacha ilivyo. Nikajiambia, nani atamjua?

Nani atamjua! Mwanamke aliyewafundisha a e i o u karibu wote walio chini ya miaka hamsini kijijini.

Bosi alipiga makofi. "Hii sasa ina roho!" Mabango yakachapwa, yakabandikwa kwenye zahanati, ofisi za kata na maduka, kuanzia Bumbuli mpaka Magoma kule chini.

Wiki mbili kimya. Mimi nikajiona msanii.

Yaliyofuata nilisimuliwa na shangazi mwenyewe. Akina mama wa kanisani waliliona bango zahanati. Hakuna aliyemuuliza kitu, maana mtu mwenye heshima zake huwezi kumuuliza kama anashinda njaa. Wakanong'ona tu: kumbe tangu astaafu anateseka, sema anajikaza.

Jumapili baada ya ibada wakafika kwake wakiimba. Wamebeba beseni la unga, sukari, mche wa sabuni, na malapa mapya. Wakamwombea. Yeye akajua ni upendo tu, akashukuru, akaingia kuwachemshia chai.

Mmoja akamfuata jikoni. Akaangalia gesi. Akamwangalia mwalimu. Akasema kwa huruma kabisa:

"Mwalimu, na hii gesi umeazima?"

Ndipo akaelezwa habari ya bango. Kesho yake akaenda zahanati kwa miguu yake, akajiona ukutani, akamwomba nesi ruhusa, akalibandua.

Simu yangu ikaita.

"Jumamosi uje nyumbani."

Wakuu, sisi nyumbani tunaongea Kishambaa. Shangazi akikusemesha Kiswahili sanifu, ujue wewe siyo mtoto wa kaka yake tena, wewe ni mwanafunzi.

Nikaenda. Shikamoo, marahaba, kaa. Akanipa makande, nikala. Akatoa sahani. Akatandaza bango mezani, akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mchoro tu, shangazi."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza ni nani."

"Ni wewe."

Akazungushia miguu duara. "Viatu vyangu viko wapi?"

"Nilivitoa."

"Kwa hiyo aliyenivua viatu siyo umaskini. Ni wewe."

Akazungushia machozi. "Na hapa ninalia nini?"

"Moshi, shangazi."

"Moshi wa Krismasi? Siku ile nilikuwa nacheka, wewe ndiye uliyekuwa unanichekesha."

Kweli. Nilikuwa namwigiza mchungaji wa zamani.

Halafu akaweka kalamu chini, na sauti yake ikashuka.

"Wenzangu wameniombea nitoke kwenye dhiki. Wote wamefumba macho, mimi nimeyafumbua nawaangalia. Sasa nikiwaambia sina dhiki, wanaona naona haya. Nikinyamaza, nimekubali. Niambie wewe mwenye akili ya mjini, nifanye nini?"

Mimi ambaye huwa nina jibu la kila kitu humu jukwaani, siku hiyo nilihesabu maua ya kitambaa cha meza.

Akaandika neno moja chini ya bango: RUDIA.

Jumatatu nikamweleza bosi. Mtaalamu wetu wa ubunifu akafikiri sana, akaja na suluhisho.

"Mbadilishe pua."

Nikasema mabango yameshabandikwa. Akasema basi mama ashukuru, amepata umaarufu bure. Zuhura akaweka kalamu yake chini.

"Bosi, ukimkuta mama yako ukutani pekupeku, utabadilisha pua?"

Bosi akanuna. Akafunga mlango, akaniambia mteja akijua tumetumia sura ya mtu bila ruhusa, kampuni imekwisha. "Ukimwambia, usirudi hapa."

Nilikaa na hilo siku mbili. Kazi ya kuchora huku milimani haipo nyingine, ukiacha kuandika "Mungu Mwema" kwenye mabati ya bodaboda. Lakini kila nikifumba macho naona akina mama wamefumba yao.

Siku ya tatu nikampigia mteja mwenyewe, dada anayesimamia mradi wa majiko. Nikamweleza yote, na kwamba kosa ni langu. Akasema, "Yatoeni yote. Leo."

Bosi hakunifukuza, kwa sababu mteja alisema anataka niyatoe mimi. Ila alinipa barua ya onyo, iliyoandikwa kwa ufasaha ambao sijawahi kuuona kwenye maelekezo yake ya kazi. Nikapanda bodaboda na kisu cha kukwangulia, mvua inanyesha, nikambandua shangazi yangu kata kwa kata. Kule Magoma mwenye duka mmoja alikataa katakata. Hakuwa na habari na majiko, bango lilikuwa linaziba tundu la ukuta. Nikamtafutia kalenda.

Bango jipya halina mtu. Kushoto mafiga matatu, kulia jiko banifu. Bosi akasema limepoa. Limepoa ndiyo, lakini jiko halina shangazi wa kuniita nyumbani Jumamosi.

Nikadhani yameisha. Shangazi akaniambia bado. Walioona uongo kwa macho wasikie ukweli kwa masikio.

Kwa hiyo Jumapili moja, wakati wa matangazo, nikasimama mbele ya usharika. Nikasema mimi ndiye mchoraji, mwalimu hana njaa, hajachaniwa nguo, gesi ni yake, na machozi niliyaweka mimi.

Mtu anakohoa huko nyuma.

Akasimama mwenyekiti wa akina mama. "Kwa hiyo yale malapa yetu?"

Shangazi akajibu kutoka kwenye benchi la wazee, "Malapa sirudishi. Yamenikaa."

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Mchungaji mwenyewe alishika meza. Na mimi, bila kutegemea, nikaanza kulia palepale mbele, mtu mzima na ndevu zangu.

Nje baada ya ibada nikajua nitatengwa. Badala yake mzee mmoja akanivuta koti: kama najua kuwaondolea watu vitu, je, najua kurudisha? Anataka achorwe akiwa na meno yake. Nikatoa daftari, nikamrudishia yote. Foleni ikaanza.

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mjane. Hakutaka achorwe yeye. Alitaka mume wake, aliyekufa bila kuacha picha hata ya kitambulisho. Akawa ananielekeza, mimi nachora, nafuta. Paji pana zaidi. Jicho hili dogo kidogo. Masikio yalikuwa makubwa kuliko hayo, mwanangu, usimwonee haya.

Nikayakuza. Nikayakuza tena.

Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaiangalia muda mrefu.

"Eee," akasema. "Huyo."

Wakuu, nimechora miaka tisa, nimepongezwa na wateja kwa barua pepe zenye alama za mshangao, lakini "eee" ile sijapata mfano wake.

Nilichojifunza: kabla hujamwonea mtu huruma kwenye karatasi, muulize kama anaihitaji. Na kama bosi wako anataka mateso tisa kwa kumi, mwambie akae yeye mbele yako umchore.

Wachoraji, wapiga picha, na wewe uliyewahi kujikuta kwenye tangazo la dawa ya minyoo bila kuulizwa, uwanja ni wenu. Wa kunitukana pia karibuni, ila mjue shangazi amewatangulia na kafanya vizuri zaidi.