Inasemekana Hakulia

Nafundisha Kiingereza sekondari moja hapa Mbeya, na najiona fundi kweli. Juzi nilikuwa naeleza namna ya kutaja yale watu wanayoamini bila kumtaja msemaji: it is said, it is believed, yaani inasemekana, inaaminika. Kwa ujanja wangu nikachukua mfano wa mtaani kwetu Soweto. Nikaandika ubaoni kwamba inasemekana mjane mmoja muuza nyanya hakulia hata kidogo kwenye msiba wa mumewe.

Darasa likacheka. Neema, binti mgeni aliyehamia kutoka Ilula, akanyoosha mkono.

"Madam, nani anasema?"

"Watu tu," nikamjibu. "Ndiyo uzuri wake, hatuwataji."

Akasimama.

"Huyo ni mama yangu. Tulivyokuwa tunamleta baba kuzikwa huku, alilia njia nzima kutoka Ilula. Tukafika machozi yamemwishia."

Nikashika dasta nifute. Nikasema pole mwanangu, sikujua, na mimi nimeyasikia tu.

"Hukuyasikia, madam," akasema taratibu. "Ulianza wewe. Nilikuwa nyuma yako pale jikoni msibani. Ulikuwa unamenya vitunguu, machozi yanakutoka."