Darmi na Mashine ya Jasi

Darmi Boru hakuwa mtu wa kumchekea kila mtu. Alizaliwa kwenye boma la wafugaji nje ya mji wa Garsen, akasoma hadi kidato cha nne kwa ubishi wake mwenyewe. Mafuriko ya El Nino yalipowamaliza ng'ombe wa babake, akaenda kuomba kazi kwenye machimbo ya jasi, yale mawe meupe yanayochanganywa kwenye saruji.

Meneja wa pale alikuwa Bwana Khalid, mtu wa viatu vya kung'aa katikati ya matope. Jasi yake ilijaa udongo. Sampuli zilipelekwa Mombasa kupimwa, na majibu yaliporudi, malori yalikuwa yameondoka zamani na jasi imekwisha lipiwa. Mambo hayo yalimfaa sana. Lakini akasikia mameneja wenzake wana mashine inayopima mawe yakiwa yanatembea juu ya mkanda, naye akaitaka, kama mtu anayenunua saa ya dhahabu na saa yenyewe hajui kuisoma.

Ikaletwa: sanduku la chuma lililoupanda mkanda kama daraja. Mawe yakipita chini yake, miale iliyapenya, na kompyuta ikaonyesha papo hapo, katika kila mia, jasi ni kiasi gani. Darmi akakalishwa mbele ya kompyuta.

"Kazi yako ni kuangalia tu," meneja alimwambia.

Siku ya kwanza namba ilichezacheza kwenye hamsini.

"Imeharibika hii?" meneja akauliza.

"Haijaharibika, bosi. Inaona udongo."

"Nani amekuuliza inaona nini?"

Siku ya uzinduzi alichinjwa fahali. Chifu alikuja, na wanunuzi kutoka Mombasa wakaketishwa mbele, skrini ikatolewa nje waione vizuri. Tangu alfajiri vibarua walikuwa wakiokota mawe meupe pe na kuyaosha. Ndiyo, kuyaosha, kama vyombo vya harusi. Godhana, dereva wa tingatinga, aliamriwa aanze na hayo, na mkanda usisimame mpaka hotuba iishe.

"Dada Darmi, tunamdanganya nani hapa?" Godhana alinong'ona.

"Mashine haidanganyiki. Wewe mimina."

Mkanda ukaanza. Tisini na tatu! Watu wakapiga makofi, na Bwana Khalid akashika kipaza sauti. Akaisifu mashine, akajisifu yeye, akamsifu baba yake aliyemzaa yeye, kisha akarudi kwake mwenyewe. Mawe yaliyooshwa hayakuwa mengi kama maneno yake. Yalipokwisha, Godhana akachota rundo la kila siku.

Themanini na nane. Sabini na moja. Hamsini na nne.

Wageni waliikodolea macho skrini kimya, na meneja, aliyeipa mgongo, akadhani ule ukimya ni heshima. Akaongeza sauti. Mnunuzi mmoja akaangua kicheko, ndipo meneja alipogeuka.

"Zima!"

"Nizime nini, bosi?" Darmi akauliza. "Mashine au mkanda?"

Chifu akainamia sahani yake ya nyama.

Baadaye meneja akamwita Darmi ofisini. "Utawaambia wanunuzi kwamba ulibonyeza vibaya."

"Sikubonyeza kitu. Uliniambia niangalie, nikaangalia."

"Unajua ni wangapi wanaitaka nafasi yako?"

"Waite. Wao pia wana macho."

Akahamishiwa jikoni kupika chai. Wanunuzi waliposema kuanzia sasa watalipa kwa namba ya skrini, Bwana Khalid akatangaza kwamba miale ile ina madhara kwa afya, mashine ikafunikwa turubai. Afya ya wafanyakazi! Mtu ambaye hakuwahi kuwanunulia hata glavu. Wanunuzi wakaenda kutafuta jasi kwingine.

Darmi akaacha kazi. Nyumbani, babake alimlaumu.

"Ungesema tu umekosea, mwanangu. Ungepungukiwa nini?"

Alimheshimu babake, na unga kweli ulikuwa umekwisha. Lakini maneno yale yalimuuma kuliko yote ya meneja.

Machimbo yalifungwa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Bwana Khalid aliondoka akisema watu wa hapa hawapendi maendeleo. Darmi alijiunga na akina mama wanaouza maziwa Garsen, na kwa kuwa hakuyatia maji, wateja hawakukawia kumjua.