Meseji Tatu Kutoka Marambo

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nashusha macho hata kama nimekaa peke yangu. Juzi nilipokuambia ufute hayo mapicha, simu yako isijae, ulicheka ukasema mama naye, mambo ya zamani hayo. Sikukasirika. Ila nikaona sasa umekua, nikuambie nilichomfanyia Bi Somoe. Baba yako anakijua. Wewe nilikuficha, kwa aibu tu.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa msichana wa kushona nguo Nkowe, cherehani yangu barazani kwa wazazi. Simu zilikuwa za kuhesabika. Mimi nilipewa na mchumba wangu, ambaye ndiye baba yako, alikuwa karani Nachingwea mjini. Nikaitia kamba nikaivaa shingoni kama wenzangu walivyovaa mikufu. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Kuongea ilibidi upande kichuguu nyuma ya mikorosho, na hapo maneno yakikatika ni kawaida. Meseji ndizo zilizopita, ukiitundika simu kwenye msumari wa dirisha.

Basi watu wakawa wanawapa ndugu zao namba yangu. Mtu ana mtoto Lindi, mwingine ana kaka Namungo kwenye machimbo, meseji zinakuja kwangu, nami nawafuata nyumbani kuwasomea. Nisikudanganye, nilijiona mkubwa. Wazee walinipisha kiti.

Bi Somoe alikuwa jirani yetu, mjane, mkulima wa ufuta. Mtoto wake mmoja tu aliyebaki hai alikuwa Zainabu, aliyeolewa Marambo na kijana anaitwa Saidi. Zainabu alipokuwa mjamzito, mama yake alinijia barazani, akasimama kama mtu anayeomba chumvi.

"Mwajuma mwanangu, nimempa Saidi namba yako. Siku ya mwenzio ikifika ataniita. Utaniangalizia?"

"Wasiwasi wa nini, mama? Ikiingia tu, nakukimbilia."

Sasa nikueleze simu zile zilivyokuwa. Laini ilibeba meseji chache sana. Zikijaa, kibahasha kidogo kinawaka na kuzimika juu ya kioo, maana yake ipo meseji mlangoni inakosa pa kuingia. Ufute moja ndipo nyingine iingie. Haya nilifundishwa na baba yako siku ile ile aliyonipa simu. Kwa hiyo sikukosa kujua. Nilijua.

Alhamisi asubuhi kibahasha kikawaka. Nikakiona nikiwa natia uzi kwenye sindano. Nikafungua nifute, na zote zilikuwa za mchumba wangu. Hii aliniita ua lake. Hii alinitumia siku aliyokuwa na homa. Nikazisoma zote, moja baada ya nyingine, nikashindwa kuchagua. Nikajiambia nitafuta kesho. Ijumaa nikakiona tena kinawaka, nikaigeuza simu kioo kikatazama ukuta, nikaendelea kushona sare za shule.

Jumamosi kabla ya adhuhuri alifika kwa Bi Somoe mdogo wake Saidi, vumbi hadi kwenye kope, majirani tukakusanyika. Zainabu alijifungua mtoto wa kike Nachingwea hospitalini, damu ikakataa kusimama. Ijumaa akafariki. Walimsubiri mama yake hadi alasiri, hakutokea, wakazika.

"Tulituma meseji tangu Alhamisi," alisema yule kijana. "Tulijua mko njiani."

Watu wote wakanigeukia. Mwanangu, kinywa changu kilifunguka chenyewe.

"Mtandao ulikuwa haupo tangu juzi."

Wakatikisa vichwa. Nani angebisha? Lakini Bi Somoe, aliyekuwa chini amekumbatia magoti, akainua uso. "Mtandao gani? Saidi hakuniita. Ameona mimi maskini sina maana, akamzika mwanangu bila mimi. Na huyo mtoto wake akae naye huko huko. Sitaki kumwona."

Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko. Nikafungua simu, nikafuta meseji ya kwanza niliyoigusa, wala sikutazama ni ipi, kisha nyingine, kisha nyingine. Simu ikalia. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu.

Nilipogeuka nikamkuta Mwalimu Kapinga, mwalimu wa shule yetu, mwenyeji wa Songea. Alikuwa anachota maji ya msiba. Naye alikuwa na simu.

"Mtandao umerudi?" akaniuliza taratibu.

Akanyoosha mkono, nikampa. Alizisoma zote tatu, akanirudishia.

"Mdogo wangu, kusahau kufuta ningekusamehe, hata mimi husahau. Lakini mama yule sasa anamchukia mkwewe na mjukuu wake kwa kosa lako. Anadhani mtoto wake amekufa bila kumwita. Na jibu unalo wewe shingoni. Utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia, na sitakusemea."

Nikakaa nalo siku mbili. Siku ya tatu niliingia chumbani alikolala Bi Somoe, nikapiga magoti, nikamweleza yote. Kibahasha, mchumba, ukuta, uongo. Sikuacha kitu. Nilitamani anipige.

Akasema, "Nisomee."

Nikasoma. *Zai amelazwa Nachingwea, mwambie mama aje leo.* Nikasoma ya pili. *Amejifungua mtoto wa kike, hali si nzuri, mama aje haraka.* Kisha ya tatu. *Zai anauliza mama amefika wapi.*

"Rudia hiyo ya mwisho."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Nilirudia hadi akaweka kiganja chake juu ya simu, kama mtu anayemfumba macho maiti.

"Kumbe aliniita," akasema. Hakulia mbele yangu. "Nenda, Mwajuma. Niache."

Kesho yake alipanda gari la kwenda Nachingwea, akafika Marambo, akamwomba radhi Saidi na kumchukua mtoto mkononi. Alimlea yeye hadi akaanza shule. Mimi alinisamehe kwa mdomo wake, sikukuu ya Idi, mbele ya mama yangu. Lakini hadi anafariki hakuwahi kuniletea tena nguo nimshonee, na njiani alinisalimia akitazama pembeni. Sikumlaumu. Meseji za baba yako sikumbuki hata moja ilivyoandikwa. Zile tatu naweza kukusomea usingizini.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Simu yako ikikuambia imejaa, futa siku hiyo hiyo, usiachie kesho. Mapicha unayoyapenda yahamishie pengine. Mtu akiandika namba yako kuwa ndiyo atakayotafutiwa, umebeba dhamana, sawa na aliyeachiwa mtoto. Kama huwezi, mwambie huwezi, atafute mwingine, au umpe namba ya pili. Simu yako iwe na chaji. Na ukikosea, usiseme mtandao. Kosa langu la kwanza lilikuwa la uzembe, ila ule uongo nusura umnyime mtoto mchanga bibi yake. Sema mapema, hata kama miguu inagoma kwenda.

Mungu akupe masikio ya kusikia unapoitwa, akupe na moyo wa kukiri unapochelewa. Wanaokutegemea wasikutafute wakakukosa. Nenda salama, mwanangu, nami nimekuwia radhi.