Makoti ya Baridi, Temeke

Nilipoacha shule darasa la sita nilijiona nimeokoa muda. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara na kila mtu akaanza kuuza kitu, niliua biashara tatu: karanga, ambazo nilizimaliza mwenyewe, mkaa ulionyeshewa, na kibanda cha kunyoa kilichoishia kwa mteja wa pili. Ya nne ikawa mitumba, Temeke. Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye aliyenipa mtaji, akasema hii nayo ikifa atanirudisha kijijini kulima.

Belo la mitumba hununuliwa bila kufunguliwa. Wazoefu hulibonyeza, hulinusa, huuliza limetoka wapi. Mimi niliamini moyo wangu. Nilipokata kamba mbele ya watu waliokuja kuwahi nguo nzuri, yakatoka makoti ya sufu, mazito, ya kufika magotini. Ilikuwa Januari, jua linachoma.

“Braza,” mmoja akaniuliza, “barafu unaileta lini?”

Wiki nzima nilishinda nikijitukana. Jirani yangu, mama muuza uji, alikuwa na kawaida yake: kila adhuhuri akiosha masufuria hutaja jambo moja lililomwendea vizuri, na wewe lazima utaje lako.

“Mie sina, mama.”

“Unalo. Hujalitafuta.”

Ili aniache, nikamwambia kwamba mzee mmoja alijaribu koti, nikamhoji nusu saa nzima kuhusu baridi ya kwao Makete. Hakununua.

“Kuuza hujui, mwanangu,” akasema. “Lakini kuhoji watu unajua. Anzia hapo.”

Siku hizi wasomi wanaiita mbinu hiyo saikolojia chanya na wanaifundishia semina. Mimi niliona ni njia ya heshima ya kuniita mmbea. Hata hivyo nikaanza kumuuliza kila apitaye kwao ni wapi. Wengine walinikimbia. Wa Njombe na Lushoto, kwenye baridi, walisimama, wakawakumbuka wazazi wao huko, wakachukua koti.

Shemeji alipokuja kunirudisha kijijini alinikuta namhoji mteja kuhusu jiko la bibi yake. Akasubiri mpaka yule mtu akaondoka na makoti mawili. Kisha akauliza belo lijalo nitalichaguaje.

“Sijui,” nikasema. “Nitawauliza wazoefu.”

Akanitazama kama mgonjwa aliyepata nafuu, akaondoka peke yake. Pale nilidumu miaka saba, muda mrefu kuliko shule, na kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kunivumilia.