Maji Laini na Kitalu cha Mama

Maji ya kisima chetu cha Mwankoko ni magumu. Sabuni inagoma kutoa povu, maharage yanachemka mpaka kuni zinakwisha, na birika lina gamba jeupe la kubandua kwa kisu. Tumezaliwa nayo, tumeyazoea. Kaka yangu ndiye aliyegundua, baada ya kuhamia Dar es Salaam, kwamba tunateseka.

Akatuletea mashine ya kulainisha maji: mtungi mrefu wenye punje za plastiki zinazonasa chokaa, na pipa la chumvi pembeni. Punje zikichoka, unazipitishia maji ya chumvi kali, zinaachia chokaa, zinaanza upya. Kazi rahisi. Yeye aliifundisha kama anayehubiri, sisi tumesimama juani.

Aliamuru chumvi imwagwe kila Jumamosi, punje ziwe zimechoka au hazijachoka, kwenye nyumba ya watu wawili, mimi na mama. Kisha, kwa kuwa ni bingwa wa kubana matumizi, akaunga mpira kwenye bomba la maji machafu ya mashine na kuuelekeza kwenye kitalu cha vitunguu cha mama.

"Lakini mwanangu, si yana chumvi hayo?"

"Chumvi inabaki kwenye mashine, mama. Usiwe na hofu."

Nilipinga. Nikaambiwa mimi ni mtu wa jembe, nisiingilie mambo ya kitaalamu. Na huyu amekulia kando ya ziwa la chumvi, ambako ufukweni hakuoti hata jani! Elimu haina mwisho, wanasema. Yake ilikuwa imeshafika.

Kitalu kile kilikuwa shamba zima la mama la msimu ule. Miche ilikauka ncha, ikalala, ikafa yote, udongo ukabaki na unga mweupe juu. Nilishika simu nimweleze kaka alichofanya. Mama akaninyang'anya.

"Alitaka kutusaidia," alisema.

Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia kaka.

Siku hizi mashine naiendesha mwenyewe. Nasubiri sabuni ianze kugoma, ndipo natia chumvi ya kutosha tu. Naiacha iyeyuke, nayapitisha maji yake polepole, kisha nasuuza hadi ulimi usisikie chumvi. Machafu yanaenda shimoni, mbali na mmea wowote. Chumvi inadumu, na hakuna aliyehubiriwa.

Pasaka kaka alikuja, na kama kawaida yake akataka vitunguu vya nyumbani vya kurudi navyo mjini. Mama alikuwa ameshawahi sokoni asubuhi, akanunua debe kwa mchuuzi, akavimwaga kwenye ungo kana kwamba vimetoka shambani kwake. Tukiwa tunakunywa chai, kaka akachukua kimoja, akakigeuzageuza, akakinusa.

"Mnaona?" akasema. "Ni yale maji."

Nikafungua mdomo. Chini ya meza, mama akanikanyaga mguu.