Kibali cha Magurudumu ya Mama

Mpaka leo nikisikia tarumbeta za bendi ya jeshi, hata ziwe za kuchezea harusi, naondoka mahali hapo. Asubuhi ile redio ya jirani yetu haikutangaza vifo wala bei ya pamba kama ilivyozoea. Ilipiga tarumbeta tu, wimbo baada ya wimbo, kisha ikaja sauti ya mwanamume aliyesoma polepole kama mtu anayeyaona maneno yale kwa mara ya kwanza. Alisema jeshi limeshika nchi na katiba imewekwa kando. Mikutano ni marufuku, mwisho wa kutembea ni saa kumi na mbili jioni, mpaka umefungwa, na chombo chochote chenye magurudumu kisionekane barabarani bila kibali cha kamanda wa Tororo. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimesimama uani kwetu Busia, upande wa Uganda, nikinusa uji wa wimbi ulioanza kuungua jikoni, na hakuna mtu mzima aliyeujali. Wote walikuwa wameiinamia ile redio. Husemwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Sisi hata hao fahali hatukuwaona. Walipigana huko Kampala, nasi tukaletewa maumivu yetu kwa redio.

Mama yangu alishikwa na polio akiwa mdogo kwao Mulanda, na miguu yake haikukua tena. Alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuendeshwa kwa mikono, iliyoundwa na fundi wa kuchomelea wa upande wa Kenya. Pedali zilikuwa mbele ya kifua, mnyororo ukishuka hadi gurudumu la mbele, na nyuma ya kiti palikuwa na sanduku kubwa la mabati. Mtu wa Busia hahitaji kuelezwa zaidi. Kwetu ilikuwa desturi kwamba watu wa ushuru humfumbia macho kilema. Anapita geti na mizigo yake, wao wanatazama mawingu. Kwa hiyo mama alivuka kila siku akipeleka muhogo mkavu na dagaa, akarudi na sukari, sabuni za mche na mafuta ya kupikia, na wenye maduka makubwa wakamngoja yeye. "Mimi ni kiwete mwenye mabega," alipenda kusema, na kweli ukimpa mkono alikuvunja vidole. Baba alifariki nikiwa bado nanyonya. Magurudumu yale matatu ndiyo yaliyotulisha na kunisomesha, na ndiyo yaliyompeleka mama kanisani, kisimani, na hata chooni mwisho wa ua. Nikisema yalikuwa miguu yake sisemi kwa mfano.

Sasa sikilizeni kosa letu, kosa la watu wa mpakani. Tulidhani kila mwenye sare anaijua ile desturi. Siku ya tatu ya amri, unga ulipokwisha, mama alipanda baiskeli yake akaenda moja kwa moja kwenye kizuizi cha jeshi kilichowekwa njia ya sokoni, mimi nikisukuma nyuma. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikwisha kuwasalimu askari wa kila aina maishani mwake, naye aliamini kwamba mtu akishamwona alivyo atasogeza lile gogo. Sajini aliyesimama pale hakuwa mtu wa huku. Aliizunguka baiskeli kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Wewe mama, nakwenda wapi na hii kitu?"

"Sokoni, afande. Unga umetuishia."

"Iko na magurudumu ngapi?"

"Matatu, afande. Lakini hii ni miguu yangu."

"Oda inasema magurudumu. Haisemi mambo ya miguu. Teremka."

Mama alidhani anataniwa, akacheka. Askari wawili walimwinua kwa makwapa wakamweka chini kwenye changarawe, gauni lake likiwa limepanda juu ya magoti, mbele ya soko zima. Nilikimbia kulishusha lile gauni. Sajini alisema kibali kinatoka Tororo, kwa kamanda, na mwenye chombo lazima afike mwenyewe, sio kutuma mtu. Chombo kisichokuwa na kibali baada ya siku saba kinakuwa mali ya serikali. Mama alimwuliza, kwa heshima kabisa, atafikaje Tororo bila hicho chombo na bila gari lolote barabarani. "Kama wengine," akasema sajini, akaamuru baiskeli iwekwe nyuma ya hema lao, akaenda zake kunywa chai. Ee Mungu, hivi mtu kama yule alizaliwa na nani?

Jioni ile baba mdogo Wandera, ndugu yake marehemu baba, alikuja kutoka Dabani na mpango wake. Mazishi yaliruhusiwa kupita. Tungemlaza mama kitandani, tukamfunika shuka, wanawake wakalia kidogo kila penye kizuizi, na vijana wakambeba hadi Tororo bila kusumbuliwa. Ulikuwa mpango mzuri, na nakiri kwamba wote uani waliukubali. Mama ndiye aliyekataa. "Wandera, shemeji yangu, siku nitakapofunikwa shuka usoni sitakuwa na la kusema. Leo ninalo." Baba mdogo akamwambia mwenye nguvu mpishe. Mama akamjibu kwamba amewapisha wenye nguvu tangu alipojifunza kutambaa, na kwamba atakwenda Tororo akiwa hai, uso wazi, akionekana na kila mtu.

Waliotuokoa ni vijana wa bodaboda. Siku hizo bodaboda zilikuwa baiskeli, na kazi yake ilikuwa kuwavusha watu kutoka geti la Uganda hadi geti la Kenya, abiria akiketi nyuma kwenye kiti cha sponji kilichoshonewa mashada ya rangi. Baiskeli zao zote zilikuwa zimezuiwa kutembea, nao walikaa vibarazani wakiwa na hasira na njaa. Okumu, mmoja wao, mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya Jinja, alifungua kiti cha abiria kwenye baiskeli yake, akakifunga kwa mipira juu ya miti miwili ya mkalitusi, akamwita mama kwa jina langu, kama walivyozoea, aje akijaribu. "Mama Nekesa, leo nauli ni bure. Ila usicheke njiani, ukicheka unakuwa mzito." Walikuwa wanne, wakipokezana mabegani. Mimi nilitembea kando nikiwa na chupa ya maji na ndara za mama, zile alizovaa mikononi alipolazimika kutambaa.

Tuliondoka jua lilipochomoza tu, maana kabla ya hapo ungepigwa risasi. Sijasahau barabara ile ilivyokuwa tupu. Barabara niliyoijua ikinguruma malori usiku na mchana ilikuwa inatoa sauti ya nyayo zetu na ya njiwa. Penye vizuizi askari waliinama kutafuta magurudumu chini ya kiti, na wasipoyaona wakatupisha. Mmoja alitikisa kichwa akauliza, "Hii ni ndoa ama ni ugonjwa?" Okumu akamjibu, "Ni kibali, afande," na sisi wengine tukang'ata midomo. Upande wa Dabani wanawake waliokuwa wakipalilia walitoka mashambani na viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye majani, wakatusindikiza hadi mwisho wa mashamba yao, na hakuna aliyeuliza tunakwenda kufanya nini. Mabega ya wale vijana yalichubuka. Saa kumi na moja tuliingia katika nyumba ya watu tusiowajua, Wateso, wakatupa ugali wa wimbi na kunde, wakampa mama kitanda chao. Asubuhi tukaendelea. Ule mwamba wa Tororo, unaosimama juu ya mji, ulikuwa mbele yetu tangu siku ya kwanza, na nilianza kuuchukia, maana kila nilipoinua macho ulikuwa pale pale.

Saa saba mchana tulifika ofisini kwa kamanda. Nilitarajia kukuta joka. Tulimkuta mwanamume mpole mwenye miwani, akila ndizi mbivu. Alimsalimu mama kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao Mulanda, akampa pole, akauliza aina ya chombo na jina la kijiji, akaandika mistari mitatu, akagonga muhuri. Haikuchukua dakika tano. Kisha akamtazama mama vizuri pale alipoketi sakafuni, maana ofisi haikuwa na kiti cha pili, akasema kwa huruma ya kweli, "Lakini mama, kwa nini umejitesa hivi? Ungetuma mtu tu."

Ungetuma mtu tu! Nimezeeka na maneno yale kifuani. Watu wanne wamechubuka mabega, mwanamke amebebwa siku mbili kama kuku wa kwenda kuuzwa, na kumbe sharti lile halikuandikwa popote. Lilitoka mdomoni mwa sajini aliyekuwa na haraka ya chai. Okumu alitoka nje akasimama ameegemea ukuta. Mama alikunja karatasi akaiweka kifuani. Akamwambia kamanda asante, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, nami nikamkasirikia hata yeye kwa asante ile.

Siku mbili nyingine za kurudi. Tulifika kwenye kizuizi cha Busia siku ya sita, yaani bado siku moja ndani ya muda wao wenyewe. Sajini aliisoma karatasi juu mpaka chini. Hakubisha. Alisema iko sawa, akatuelekeza nyuma ya hema. Huko palikuwa na fremu ya baiskeli ya mama, kiti, sanduku, mnyororo, vyote vimelazwa kwenye nyasi. Magurudumu hayakuwepo. Yalikuwa mbele ya macho yetu, matatu yote, kwenye mkokoteni waliojiundia wa kubebea mapipa ya maji ya kambi, na askari wawili walikuwa wakiusukuma huku wanapiga miluzi.

"Afande, magurudumu yangu yale," mama akasema.

"Kibali inasema chombo. Chombo si ile pale? Chukua."

Wandera, aliyekuja kutupokea, alimshika mama bega amtulize. Mama akawaambia wale vijana wamteremshe. Okumu alikataa, akasema watamfikisha nyumbani, si mbali. "Teremsha, mwanangu. Mmenibeba vya kutosha." Wakamteremsha. Akaninyooshea mkono nimpe ndara, akazivaa viganjani. Akamwangalia sajini kutoka kule chini na kumwuliza, "Mama yako anatembea?" Mama hakumtukana wala kumlaani. Akageuka akaanza kutambaa, akapita katikati ya soko lote, mbele ya wauza nyanya na mafundi viatu na watu wa ushuru waliokuwa wakimfumbia macho siku zote, na safari hii hakuna aliyeweza kufumba. Mtu mmoja baada ya mwingine alisimama. Mimi nilitembea nyuma yake nikiona changarawe ikiingia kwenye magoti yake.

Alitambaa miezi saba. Nasema ili ijulikane. Miezi saba mpaka umefungwa na fundi yuko upande wa pili, hatua mia tatu kutoka mlangoni kwetu. Mimi niliacha shule muhula mzima na nusu ili nimbebe kwenda chooni, na alilia mara moja tu, siku niliyoanguka naye. Mpaka ulipofunguliwa fundi alimtengenezea magurudumu mapya, lakini wenye maduka walikwisha kupata wachukuzi wengine, na mabega yake hayakurudi kuwa yale.

Siku hizi mpakani pana jumba kubwa la vioo, unagongewa mihuri ya nchi zote mbili chini ya paa moja, na pana njia ya mteremko kwa ajili ya watu kama mama. Nafanya kazi hapo hapo, najaza fomu za wenye malori. Nafurahi kwa ile njia ya mteremko, sikatai. Lakini wiki iliyopita, kwenye kihoteli tunapokunywa chai, kijana mmoja wa ofisini, mwenye shati safi na simu mbili, alisema nchi hizi zimeharibika na dawa ni jeshi lishike mwaka mmoja tu, watu wanyooke. Wenzake wakaitikia. Huyo si mtoto mbaya. Ila adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, naye hajawahi hata kulala na njaa.

Jioni nilimweleza mama. Ana zaidi ya miaka sabini, anaketi barazani akichambua kunde. Alicheka. "Mwache aseme, ni mtoto," akaniambia. Mama yangu amewasamehe wote, sajini na kamanda na wale wapiga miluzi, na huo ni uamuzi wake. Mimi si mwema kama yeye. Kesho yake nilirudi kihotelini, nikavuta kiti mbele ya yule kijana, nikamsimulia yote haya tangu tarumbeta mpaka magoti, kwa sauti ya kusikika meza zote. Aliacha chapati yake nusu. Vizuri.